Namna ya Kujenga Matumaini Mema Uzeeni

Mwaka 2019 watafiti wa Boston, Marekani, walichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake na wanaume kwa miaka mingi, yakionyesha kwamba wenye matumaini zaidi waliishi, kwa wastani, muda mrefu zaidi kwa asilimia 11 hadi 15 kuliko wenye matumaini haba. Uhusiano huo hauthibitishi kwamba matumaini pekee hurefusha maisha, lakini anayetarajia mema huona sababu ya kutembea, kumeza dawa kwa wakati na kuwatembelea wenzake.

Zoezi ninalolipendekeza kwa moyo wote ni lile alilolitumia mwanasaikolojia Laura King katika utafiti wake wa mwaka 2001. Keti mahali tulivu, kisha kwa dakika 20, siku 4 mfululizo, andika jinsi maisha yako yatakavyokuwa iwapo mambo yatakwenda vizuri kadiri inavyowezekana. Matarajio yalingane na mwili: mzee anayeumwa magoti asiandike kwamba atakimbia, bali kwamba atapanda ngazi bila kushikwa mkono, halafu aongeze hatua ya kesho asubuhi, kama vile kusimama na kuketi kitini mara chache huku ameshika meza. Asiyeweza kuandika na amsimulie mjukuu, ambaye ataandika kwa niaba yake.

Huzuni ikizidi wiki mbili, pamoja na kukosa usingizi au hamu ya chakula, mpelekeni kwa daktari. Msimwambie tu ajipe moyo.