Mambo ya Kuzingatia Kabla ya Usaili wa Kazi

Ukiitwa kwenye usaili, kila mtu atakwambia jiamini. Namna ya kujiamini hawakwambii. Kujiamini hakuji kwa kuamriwa. Kunakuja pale unapojua utakachosema na umeshakisema kwa sauti kabla ya kufika mbele ya jopo. Ndiyo maana maandalizi mengi ni kazi ya mezani, na hayafai kuachwa hadi usiku wa kuamkia usaili.

Anza na tangazo la kazi. Matangazo mengi huondolewa mtandaoni muda wa maombi ukiisha, kwa hiyo hifadhi nakala siku ileile unayoomba. Lisome ukiwa na kalamu mkononi, upigie mstari kila jukumu. Majukumu hayo ndiyo maswali yenyewe. Ikiwa wameandika "kuandaa taarifa za kila mwezi", tegemea kuulizwa umewahi kuandaa taarifa gani, nani alizitumia, na ulifanyaje takwimu zilipochelewa. Mahali pengi wasailiwa wote huulizwa maswali yaleyale, na kila mjumbe wa jopo ana karatasi ya alama mbele yake. Huendi pale kupendwa, basi. Unakwenda kumpa yule mwenye kalamu kitu cha kuandika.

Hapo ndipo wengi wanapokwama. Tuseme mtu ameomba kazi ya kutunza stoo, akaulizwa kuhusu umakini wake. Anajibu: "Mimi ni mtu makini, mchapakazi, na naweza kufanya kazi bila kusimamiwa." Jopo limeyasikia hayo tangu asubuhi. Anaingia mwingine, anasema: "Nilipokabidhiwa stoo, daftari na mzigo uliokuwa rafuni havikulingana, na mimi ndiye niliyetakiwa kufunga hesabu mwisho wa mwezi. Badala ya kusubiri kuhesabu vyote kwa mkupuo, nikawa nahesabu rafu moja kila siku. Nikagundua kuna mzigo unatolewa jioni na kuandikwa kesho yake, wakati mwingine hauandikwi kabisa. Nikamwomba msimamizi tuweke fomu mlangoni, kitu kisitoke bila saini. Mwezi uliofuata tofauti ilibaki kwenye bidhaa mbili tu." Huyu hajajisifu popote, lakini umakini wake umeonekana.

Ukilichambua jibu lile utakuta mambo manne: hali ilivyokuwa, jukumu lake, alichofanya, na matokeo. Andaa visa vitano au sita vya namna hiyo kutoka kwenye maisha yako ya kazi: tatizo ulilolitatua, kutoelewana na mwenzako, jambo lililoharibika na ulivyolirekebisha, kazi iliyokuwa na muda finyu, kitu kipya ulichojifunza kwa haraka. Kisa kimoja kizuri hujibu hata maswali matatu tofauti. Usitumie muda mwingi kueleza hali, maana ndipo watu hupotelea, wakifika kwenye walichofanya wao msaili ameshaangalia saa. Na punguza "tulifanya". Wenzako hawaombi kazi hii. Kama ndiyo kwanza umemaliza masomo, mafunzo kwa vitendo, kazi ya kujitolea au mradi wa kikundi vinatosha kabisa. Kutunga kisa ndiko kusikofaa, kwa sababu swali la pili na la tatu litakuumbua.

Wasifu uliowatumia usome upya, tarehe kwa tarehe. Pengo kati ya kazi moja na nyingine litaulizwa, nawe jibu kwa sentensi mbili za kweli, usonge mbele. Kuhusu taasisi yenyewe, jua inafanya nini, inamhudumia nani, na nini kimebadilika huko hivi karibuni. Kukariri dira na dhamira neno kwa neno sidhani kama kumewahi kumpa mtu kazi.

Swali la "tueleze kwa kifupi kuhusu wewe" linaonekana jepesi, na pengine kwa sababu hiyo ndilo linaloharibiwa zaidi. Hawaulizi ulizaliwa wapi na mko wangapi kwenu. Wanataka kusikia unafanya nini sasa, umepitia wapi panapohusiana na kazi hii, na kwa nini umeiomba. Dakika moja na nusu yatosha. Ukiulizwa udhaifu wako, taja wa kweli usiogusa kiini cha kazi, kisha useme unafanya nini kuurekebisha. "Napenda mno kila kitu kiwe kamili" limezeeka.

Baada ya hapo weka karatasi chini na useme. Mwaka 2006 watafiti Roediger na Karpicke walionyesha kwamba wanafunzi waliojipima kwa kukumbuka walichosoma walikumbuka zaidi baada ya wiki moja kuliko waliorudia kusoma, ingawa hao waliorudia ndio waliodhani watakumbuka vizuri. Majibu yako nayo ni vivyo hivyo: ukiyasoma tu yatakudanganya kwamba unayajua. Mwombe mtu akuulize bila mpangilio, au jirekodi kwa simu halafu usikilize. Utajisikia ovyo, lakini utasikia "yaani" na "kwa hiyo" zako zote. Usikariri neno kwa neno, shika vituo vya kisa.

Woga hautaisha, na si lazima uishe. Mikono ikitetemeka, wewe unaiona zaidi kuliko wao. Utafiti wa Savitsky na Gilovich wa 2003 ulikuta kwamba wazungumzaji hudhani wasiwasi wao unaonekana kuliko unavyoonekana, na walioelezwa ukweli huo walizungumza vizuri zaidi. Ukiulizwa swali gumu, nyamaza kidogo ufikiri. Ukimya unaouona mrefu, kwao ni mtu anayetafakari.

Mengine ni ya mkoba: vyeti halisi na nakala, kitambulisho, barua ya mwito, namba ya mtu wa kupigia ukipotea. Nguo iwe nadhifu na uliyokwisha kuivaa, kiatu kipya kisianzie siku hiyo. Usaili ukiwa wa mtandaoni, kamera iwe usawa wa macho, mwanga utokee mbele yako, arifa za simu zizimwe, na programu uijaribu siku moja kabla. Wadhamini uliowataja wajulishe, wasipigiwe simu wakashangaa.

Mshahara nao una maandalizi yake. Ulizia watu wa fani yako wanalipwaje, kisha uwe na kiwango cha chini usichoshuka na kile unachokitaka. Ukiulizwa, taja kiwango kwa sauti ileile uliyotumia kujibu mengine, halafu unyamaze. Wengi hutaja, kisha wakaanza kujipunguzia wenyewe kabla hata jopo halijasema kitu.

Mwishoni watauliza kama una swali. Uwe nalo, tena la kazi: "Aliyekuwa kwenye nafasi hii alikuwa anakwama wapi?" au "Miezi mitatu ya kwanza mngependa kuona nini kimefanyika?" Kabla hujaondoka, uliza majibu yatatoka lini na yatatumwa kwa njia gani.