Ukurasa ukichanika, usikimbilie selotepu

Kitabu cha maktaba kikichanika mikononi mwako, tafadhali usikibandike selotepu. Baada ya miaka michache inageuka njano, inabanduka, na gundi yake inaacha doa lisilotoka. Kirudishe hivyo hivyo, umwambie mkutubi.

Sisi tunaojitolea maktabani Jumamosi ndio tunaovitengeneza: kwa gundi tunapika uji mwepesi wa unga wa ngano, tunauchuja kwa kitambaa na kuuacha upoe. Paka kidogo kwa brashi kwenye kingo zilizochanika, zikutanishe herufi kwa herufi, kisha bandika juu yake kipande cha karatasi nyembamba inayopitisha mwanga. Tanguliza nailoni juu na chini, la sivyo kurasa zitashikana, halafu kandamiza kwa kamusi nzito hadi kesho yake.

Vitabu vya watoto tunavianza kwanza, maana vina foleni ya wasomaji.