Ufuta haujafungiwa, hela ndiyo hukwama: kukagua shehena ya chakula au dawa kabla haijatoka Mtwara

Msimu wa ufuta ukianza, simu yangu haitulii. "Shikamoo mzee. Nimepata mteja Dubai, anachukua tani arobaini na bei anayotoa nzuri, ila anataka mzigo ushukie Bandar Abbas, bandari ya Iran. Jamaa yangu wa benki ananiambia Iran ina vikwazo. Niache?"

Marahaba, namjibu, halafu namuuliza: "Hela yako inapita wapi?"

Hapo wengi hunyamaza. Wamekaa wakiogopea gunia, kumbe gunia halina shida. Tangu nianze uwakala wa forodha hapa Mtwara sijaona ufuta uliokataliwa kwa sababu ni ufuta, wala korosho kwa sababu ni korosho. Nilichoona ni malipo yaliyoganda, meli isiyokubalika, na jina la mtu mmoja kwenye karatasi likaharibu kazi ya kijiji kizima. Ndiyo maana ukaguzi wangu unaanza na sheria lakini muda mwingi unaishia kwenye hela na majina. Mimi ni wakala, si wakili. Shehena ikiwa kubwa, mlipe wakili akusomee mkataba.

Hatua ya 1: Jua ni sheria ya nani inayokushika

Maazimio ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa yanaibana Tanzania kwa Ibara ya 25 ya Mkataba wa Umoja huo, na wewe uliye ndani ya Tanzania yanakufikia. Hapo hakuna mjadala.

Vikwazo vya kanda navyo vipo. Vijana hawakumbuki, lakini baada ya mapinduzi ya Burundi ya Julai 1996, nchi jirani zilikutana Arusha tarehe 31 mwezi huohuo zikaifungia Burundi biashara, na Tanzania ilikuwa miongoni mwao. Baadaye ikabidi dawa na chakula vifunguliwe njia kidogo kidogo, mpaka vikwazo vyenyewe vikasimamishwa Januari 1999. Kwa hiyo habari ya chakula na dawa kuachiwa mlango si jambo la Wazungu peke yao. Tumeshawahi kulipitia sisi wenyewe, tukiwa upande wa wanaofunga.

Halafu kuna Marekani. Wewe wa Nachingwea si raia wao, na ufuta wako haukuota Texas. Lakini ukilipwa kwa dola, hela hiyo karibu kila mara hupitia benki iliyoko New York, na ikishafika huko imeingia kwenye nyumba ya watu. Sheria yao ya mwaka 1977 iitwayo IEEPA, ilivyorekebishwa 2007, inamshika pia anayemsababisha mwingine avunje vikwazo. Ukiificha Iran kwenye makaratasi ili benki ya New York ipitishe malipo bila kujua, wewe ndiye uliyesababisha.

Upande wa pili wa sheria hizohizo ni huu: mwaka 2000 Bunge lao lilipitisha sheria inayoitwa kwa kifupi TSRA, inayomzuia rais kufungia chakula na dawa kwa uamuzi wake peke yake. Ukisoma kanuni zao za Iran, kifungu 560.530 kina ruhusa ya jumla kwa vyakula na dawa nyingi. Imeandikwa kwa ajili ya Wamarekani na bidhaa zao, lakini mabenki ya dunia huitumia kama rula ya kupimia mizigo ya watu wote. Kwa hiyo inakuhusu hata kama hukuitwa kwa jina.

Hatua ya 2: Angalia bidhaa, kwa namba si kwa jina

Usiandike "vyakula". Andika namba ya ushuru wa forodha: ufuta 1207.40, korosho ghafi 0801.31, korosho zilizobanguliwa 0801.32, mbaazi 0713.60. Karani aliyeko mbali haijui Ruangwa, lakini 1207.40 anaijua.

Namba zina maajabu yake. Azimio 2397 la Desemba 2017 kuhusu Korea Kaskazini linataja mazao ya sura za 12, 08 na 07, yaani zile tarakimu mbili za mwanzo za namba ya ushuru. Ukilisoma haraka utadhani wameamka asubuhi wakaamua kuifungia mikoa yetu, maana hizo ndizo sura za ufuta, korosho na mbaazi. Soma tena: limekataza Korea Kaskazini *kuuza* mazao hayo nje, si kununua. Nimemwona mtu akiacha mazungumzo ya biashara kwa kusoma nusu ya sentensi.

Azimio hilohilo linakataza kuwapelekea mashine za sura ya 84 na 85 na magari ya sura ya 87. Hapa ndipo watu wa vifaa tiba hunaswa. Mashine ya kutakasia vyombo vya upasuaji, hata kama inakwenda wodi ya wazazi, namba yake ni 8419.20. Iko sura ya 84. Gari la wagonjwa liko sura ya 87. Vitu hivyo haviitwi dawa mpaka kamati ya vikwazo iseme vipite, na kibali huombwa kabla, si mzigo ukiwa bandarini.

Mtego mwingine uko shambani kwetu: mbarika. Ni mbegu, inakamuliwa mafuta, na mfanyabiashara anaichanganya na ufuta kwenye ankara moja kana kwamba ni ndugu. Ile ruhusa ya jumla ya Marekani kwa Iran imeiacha mbarika nje kwa kuitaja, kwa sababu ya sumu ya risini iliyomo. Mbolea nayo imeachwa nje. Kontena lenye tani kumi na nane za ufuta na tani moja ya mbarika si kontena la chakula tena machoni mwa benki. Tenganisha.

Kwa dawa na vifaa tiba uliza pia vimetengenezwa wapi. Kifaa cha Marekani kinabaki na sheria ya Marekani hata kikiwa chumba cha nyuma cha duka lako Mtwara, na kilichotengenezwa kwingine kinafuatwa pia kikiwa na zaidi ya asilimia 10 ya thamani ya vipuri vya Marekani vilivyo chini ya udhibiti wao, iwapo kinakwenda Iran, Cuba au Korea Kaskazini.

Kijana mmoja aliniuliza kama anahitaji ruhusa ya Marekani kupeleka dawa za malaria Komoro. Hapana, mwanangu. Komoro haina vikwazo. Unachohitaji ni TMDA, mamlaka yetu ya dawa na vifaa tiba.

Hatua ya 3: Majina

Fungua orodha mbili angalau: ile ya pamoja ya Baraza la Usalama, na ya OFAC, ofisi ya Hazina ya Marekani. Zote ziko wazi mtandaoni, bure. Ya OFAC ina kisanduku cha kutafutia na kipimo cha ukaribu wa jina kilichowekwa 100, maana yake herufi kwa herufi. Kishushe. Mimi hushusha mpaka 85, kwa sababu Hussein ni Husain ni Hossein, na sisi watu wa pwani tunajua Mohamedi mmoja anavyoweza kuandikwa namna sita kwenye vyeti vyake mwenyewe. Yatatokea majina mengi. Usitishike. Linganisha tarehe ya kuzaliwa, pasipoti, nchi, kisha chapa ukurasa huo ukiwa na tarehe.

Tafuta mnunuzi, wakurugenzi wake, benki yake, mpokeaji mzigo, na yule wa kujulishwa mzigo ukifika. Huyu wa mwisho ndiye watu humsahau.

Halafu uliza nani anamiliki. Kwa OFAC, kampuni ambayo asilimia 50 au zaidi iko mikononi mwa waliozuiwa nayo imezuiwa, hata kama jina lake halionekani popote. Hisa hujumlishwa: mmoja ana 30, mwenzake ana 20, basi imekwisha. Mwombe mteja karatasi ya umiliki. Akikasirika, mwache akasirike.

Na usitumie karatasi ya mwaka jana. Vikwazo vikuu vya Marekani dhidi ya Sudan viliondolewa Oktoba 2017, vile vya Syria vikafutwa kwa amri ya tarehe 30 Juni 2025, na mwishoni mwa Septemba 2025 vile vya Umoja wa Mataifa dhidi ya Iran vikarudishwa.

Hatua ya 4: Meli

Meli hubadilisha jina kama mtu anayekimbia madeni. Namba yake ya IMO, ile ya utambulisho wa kimataifa, haibadiliki. Ina tarakimu saba, na unaweza kuipima kwa kalamu: chukua sita za kwanza, zidisha ya kwanza kwa 7, ya pili kwa 6, endelea mpaka ya sita kwa 2, jumlisha. Tarakimu ya mwisho ya jumla lazima iwe sawa na ile ya saba. Mfano 9123453: 63, 6, 10, 12, 12 na 10, jumla 113, mwisho 3. Inakubali. Isipokubali, ama kuna kosa la uandishi ama unachezewa. Ikikubali, itafute kwenye orodha zilezile za hatua ya 3.

Bendera isikupe usingizi. Mwaka 2012 meli za mafuta za Iran zilikutwa zikipeperusha bendera yetu wenyewe kupitia usajili wa Zanzibar, mpaka serikali ikatangaza kuzifuta.

Hatua ya 5: Hela

Nikueleze yaliyonipata. Mama mmoja mfanyabiashara alinipa kontena mbili za futi 20, kila moja magunia 380 ya kilo 50. Mnunuzi Dubai, mzigo unashukia Bandar Abbas, malipo kwa dola. Bidhaa halali, meli safi, majina safi, yote nilikuwa nimekagua. Ankara niliiandika mwenyewe jioni, nimechoka, nikaandika "mbegu" basi. Sikusema mbegu za nini. Na kwenye mkataba mji wa kushukia ulikuwa Dubai, kwenye hati ya shehena Bandar Abbas.

Malipo yakatoka kwa mnunuzi, yakaingia benki wakala, ile ya katikati inayopitisha dola kwa niaba ya benki yetu, yakakaa. Siku ya tisa swali likarudi kupitia benki yetu: mbegu gani? Tukajibu ufuta. Siku ya kumi na saba: za kupanda au za kula? Tukajibu. Siku ya ishirini na sita: mbona bandari mbili? Kila jibu lilipanda ngazi zilezile, kila swali likashuka ngazi zilezile. Hela ilifika siku ya arobaini na moja. Mama yule hakunitukana. Alikuja tu ofisini kila Jumatatu, akakaa kwenye benchi, akauliza, "Bado, baba?" Ningependa angenitukana.

Kwa hiyo sasa, kabla mzigo haujapakiwa, naandika barua ya ukurasa mmoja na kuipeleka benki mapema. Inasema: bidhaa ni ufuta, *Sesamum indicum*, namba 1207.40, kwa chakula cha binadamu, umelimwa Tanzania, mnunuzi ni huyu, mmiliki wake huyu, mlaji wa mwisho huyu, meli hii, namba hii, bandari ya kushukia hii, ileile kwenye kila karatasi, benki inayolipa hii. Mwisho naomba benki iulize benki wakala wake kama itapokea malipo haya, na ijibu kwa maandishi. Jibu la mdomo la kaunta si jibu.

Benki ikikataa licha ya ruhusa ya sheria, ina haki yake. Hakuna sheria inayoilazimisha kuchukua hatari kwa faida ndogo. Mahakama ya Kimataifa ya Haki yenyewe iligusa jambo hili katika amri ya tarehe 3 Oktoba 2018 kwenye kesi ya Iran na Marekani: pamoja na dawa na chakula, iliagiza malipo yanayohusu vitu hivyo nayo yasizuiwe. Majaji waliona kwamba kuruhusu dawa huku umefunga hela yake ni kama kumkaribisha mgeni huku umeshikilia kitasa. Lakini amri ya The Hague haimwamrishi karani wa benki, na hata ukiichapa ukampelekea, hatapitisha.

Njia zilizobaki: jadiliana sarafu nyingine, dirhamu au yuro, ukijua yuro inakuja na sheria za Umoja wa Ulaya, au dai hela yote itangulie kabla ya kupakia. Usikubali kulipwa na kampuni ya tatu usiyoijua, hata kama hela imeshaingia. Hiyo ndiyo ishara benki huitafuta kwanza.

Kuna wanaonitajia Azimio 2664 la Desemba 2022, lile lililofungua misaada ya kibinadamu kwenye uzuiaji wa mali. Linawalinda Umoja wa Mataifa, mashirika ya misaada na wanaowafanyia kazi. Ukiwa unapeleka mahindi kwa mkataba wa WFP, shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, litaje. Ukiwa unauza korosho kwa faida yako, usilitaje. Utaonekana ama hukulisoma ama unadanganya.

Hatua ya 6: Makaratasi ya kwetu

Haya unayajua. Cheti cha afya ya mimea cha TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea, cheti cha uasilia, TANSAD, yaani tamko la forodha, na kwa korosho kibali cha Bodi ya Korosho. Hakikisha tu jina la mnunuzi na bandari vinafanana kote, mpaka nukta.

Hatua ya 7: Faili

Tangu tarehe 12 Machi 2025 OFAC inawataka walio chini ya mamlaka yake watunze kumbukumbu miaka 10, zamani ilikuwa mitano. Wewe hauko chini yake, ila benki itakayokuuliza iko. Tunza miaka 10: zile kurasa za majina zenye tarehe, barua ya benki, mawasiliano ya simu yaliyochapwa. Usitegemee simu yenyewe, simu huibwa.

Za kwangu ziko juu ya kabati, kwenye boksi lililokuwa la marumaru. Faili la mama yule ndilo nene kuliko yote, na ankara yangu yenye neno moja, "mbegu", nimeibana mbele kabisa.