Kabla hujafunga AC mwenyewe, soma hapa kwanza

Jamani joto la Dar mwezi wa pili nalijua, ila ukishanunua AC pale Kariakoo usikimbilie kuifunga mwenyewe. Kwanza pima chumba, BTU (kipimo cha nguvu ya kupoza) 9,000 inatosha chumba kidogo cha kulala, sebule inayopigwa jua la jioni hapana. Umeme ipe laini yake na breka yake, hizi ekstensheni zinayeyuka na nyumba inaungua kweli. Hapo kwenye gesi ndo usiguse kabisa, maana mabomba lazima yanyonywe hewa na unyevu kwa pampu ya vakyumu kabla ya kuachia gesi, ukiruka hiyo kompresa (mashine inayosukuma gesi) inakufa mapema, na R32, gesi ya AC nyingi za sasa, inaweza kushika moto ikivuja ndani. Mwite fundi mwenye geji za kupima presha ya gesi, na umsimamie.