Shule, tuisheni au deikea? Jinsi ya kupata namba sahihi ya ISIC kabla hujajaza fomu BRELA

Nipo Arusha mjini, kazi yangu ya kila siku ni kuwajazia watu fomu za kampuni na majina ya biashara kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa serikali wa kusajili biashara na leseni. Wengi wanakwama pale unapoambiwa uchague shughuli, mtu anatafuta "elimu" zinakuja namba kibao hajui ashike ipi, anabonyeza ya kwanza anayoiona. Twende taratibu.

Hatua ya 1: Jua unachagua kwenye nini

Hizo namba zinaitwa ISIC, ni mpangilio wa Umoja wa Mataifa wa shughuli zote za uchumi, na toleo la nne lilitoka 2008. Humo elimu ipo herufi P na ina fungu moja tu, 85. Namba ya tarakimu nne ikianza na 85 ujue upo kwenye elimu. Usikariri herufi maana kwenye toleo la tano elimu imehamia Q, ila 85 imebaki palepale.

Hatua ya 2: Achana na bango, angalia ngazi

Awali na msingi ziko pamoja, 8510. Sekondari ya kawaida, form one mpaka form six, ni 8521. Ufundi na ufundi stadi 8522, chuo kikuu 8530. Iwe ya serikali, ya kanisa au ya mtu binafsi namba haibadiliki, hata shule ya gerezani inawekwa kwenye ngazi yake.

Hatua ya 3: Tenganisha 8522 na 8549

Hapa ndo watu wa Arusha na Moshi muwe makini, kwa sababu vyuo vyetu vingi vidogo vinaangukia hapa. Ukimfundisha mtu kazi ya kwenda kulia ugali, mara nyingi ni 8522, na mafunzo ya waongoza watalii yametajwa humo waziwazi, pamoja na wapishi, watu wa hoteli, saluni na ufundi wa kutengeneza kompyuta. Lakini kumfundisha mtu kutumia kompyuta tu ni 8549, sawa na tuisheni, kozi ya Kiingereza na mafundisho ya dini. Udereva nao umegawanyika, dereva wa lori au basi anayesomea kazi ni 8522, wewe unayejifunza kuendesha gari lako la nyumbani ni 8549. Akademi ya soka 8541, muziki na ngoma 8542.

Hatua ya 4: Toa vinavyofanana na elimu

Kuna dada wa Ngaramtoni alikuja na picha ya bango lake kwenye simu, limeandikwa shule ya awali, anataka 8510. Nikamuuliza mtoto mdogo kabisa ana umri gani, akasema miezi minane. Saa nne wanafanya nini? Wanakunywa uji, wanalala, wakiamka wanacheza mpaka mama zao watoke sokoni jioni. Mwalimu? Hakuna, kuna wasichana wawili wa kuwaangalia. Hiyo ni kazi nzuri na ya muhimu sana ila ni malezi, yaani deikea, namba yake 8890, ipo kwenye ustawi wa jamii. Angekuwa na darasa la miaka mitano wanafundishwa kusoma na kuhesabu, hapo sawa.

Hosteli ya wanafunzi inayojitegemea ni 5590, malazi. Duka la sare ni rejareja. Ila ushauri wa masomo na huduma za kupima wanafunzi kwa mitihani bado ni elimu, 8550.

Hatua ya 5: Ukiwa na shughuli mbili tatu, piga hesabu

Shughuli kuu ni ile inayoongeza thamani kubwa, siyo yenye mauzo makubwa. Chukua mauzo, toa ulichonunua kwa wengine: bidhaa, karatasi, umeme, pango. Mishahara usiitoe. Tuseme duka lako la vitabu linauza milioni 10 kwa mwezi, vitabu na pango vimekula milioni 8, imebaki 2. Tuisheni inaingiza milioni 6, chaki na pango laki 5, imebaki milioni 5 na nusu. Wewe ni mtu wa 8549 hata kama duka ndo linaonekana kubwa. Na ukiwa na kozi ya waongoza watalii, Kiingereza na hosteli, jumlisha kwanza hizo kozi mbili ndo uzishindanishe na hosteli, elimu ikishinda ndo unaingia ndani kuangalia kati ya 8522 na 8549 ipi kubwa.

Hatua ya 6: Usichanganye namba na kibali

Namba ya ISIC haikupi ruhusa ya kufundisha. Shule utaenda Wizara ya Elimu, chuo cha kati na ufundi stadi NACTVET (baraza la elimu ya ufundi na ufundi stadi), chuo kikuu TCU (tume ya vyuo vikuu), na yule dada wa Ngaramtoni nilimwelekeza ofisi ya ustawi wa jamii ya halmashauri yake.