Damu Kukauka Sio Kupona: Malizeni Sindano za Kansa ya Mbwa

Mwezi huu nimerudishiwa mbwa watatu, kutoka Kayole, Githurai na Kawangware, mitaa ya Nairobi, na stori ni ile ile: alikuwa anatoka damu huku chini, akapatikana na ile kansa ya kupandana, akadungwa vinkristini, dawa ya kansa, mara mbili, damu ikakauka, mwenyewe akaona amepona akapotea. Sasa uvimbe umerudi kama koliflawa na pesa ya mwanzo imeenda hivyo tu.

Watu wangu, damu hukauka mapema sana, kansa ikiwa bado iko. Na hii hailetwi na virusi, ni seli zenyewe zinahama kutoka mbwa hadi mbwa wakipandana, wakilambana au kunusana, ndio maana wengine inawatokea puani. Ukimfungulia usiku azurure na dawa nusu, unagawia mtaa mzima.

Hesabu ni hii na tafadhali msinibishie. Sindano moja kila siku 7, sio 10, sio "nikipata mshahara". Wengi wanahitaji 4 hadi 6, wengine 8. Dozi ni miligramu 0.5 hadi 0.7 kwa kila mita mraba ya eneo la nje ya mwili, kwa hivyo mbwa wa kilo 20, ambaye ana kama mita mraba 0.74, anapata kati ya miligramu 0.37 na 0.52, na ndio maana lazima apandishwe mizani kila wiki, kukisia kwa macho kunaua mbwa. Damu ipimwe kabla ya kila sindano, seli nyeupe zikiwa chini ya 4,000 kwa maikrolita mnangoja siku 3 hadi 7 na daktari anapunguza dozi. Kuchelewa kwa sababu hiyo naelewa, kwingine hapana.

Dawa inapitia kwa mshipa, na kanula, kile kijibomba cha plastiki kinachowekwa ndani ya mshipa. Ikimwagika nje ya mshipa nyama inaoza, kwa hivyo usimpe kijana wa agroveti amdunge shingoni. Siku 2 au 3 baada ya sindano shika mkojo, mavi na matapishi yake na glavu, na mama mjamzito asiguse kabisa.

Lakini kwanza sampuli ya uvimbe iangaliwe kwa hadubini. Mmoja wa hao watatu mwanzoni alidungwa penisilini wiki 5 mwenyewe akiambiwa mbwa yuko kwa joto, yaani msimu wa kutaka dume, na joto ni kama wiki 3 tu, damu ikipita hapo kimbia kwa daktari.

Amepona uvimbe ukiisha wote, daktari akiwa amekagua ndani.

Paka hawapati hii, lakini uvimbe wa matiti kwa paka mara nyingi ni kansa mbaya, ukigusa kijivimbe hapo mpeleke wiki hiyo hiyo.

Najua shida ni pesa. Basi kabla ya sindano ya kwanza uliza bei ya zote sita pamoja na vipimo, na kama pesa hazitoshi mwambie daktari siku hiyo hiyo mpange vile utalipa kila wiki, usingoje ya tatu ndio uzime simu.