Mwanao ni Kwotabeki? Anza na Transkripti

Wazazi wenzangu tunaolea watoto Marekani, kocha wa futiboli ya Kimarekani akikwambia mwanao ana mkono wa kwotabeki, jua wikendi zako zimekwisha. Atataka viatu, atataka kambi za kiangazi, atataka umpeleke huku na kule. Mpe kwa kadiri ya uwezo wako. Ila kabla hujalipia kambi hata moja, kaombe transkripti yake shuleni, yaani karatasi ya masomo yote aliyosoma na alama zake, ukae nayo mezani.

Mimi ni mama wa Kitanga, naishi Texas. Futiboli ya hawa watu nilipoanza kuitazama nilijua jambo moja tu: kwotabeki ndiye anayekabidhiwa mpira, kisha aamue aurushe, ampe mwenzake au akimbie nao. Hayo kocha atamfundisha. Masomo yake hakuna atakayeyahesabu kama wewe.

Ili acheze daraja la kwanza la NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo Marekani, anahitaji masomo 16 ya msingi ya sekondari: Kiingereza miaka minne, hesabu mitatu kuanzia Aljebra ya kwanza kwenda juu, sayansi miwili, sayansi ya jamii miwili, na mengine ya kujazia. Wastani wa masomo hayo usishuke chini ya 2.3 kwa kipimo cha 4. Angalia vizuri hapo, maana utaona wastani mnono kwenye transkripti ukapiga vigelegele, kumbe umebebwa na bendi na mazoezi ya viungo, ambavyo NCAA haivihesabu.

Kila sekondari ina orodha ya masomo yaliyokubaliwa, na ipo kwenye tovuti ya NCAA. Ifungue kwenye simu, transkripti iwe pembeni, upite mstari kwa mstari na penseli. Jina la somo lifanane na lililo kwenye orodha. Wangu alipangwa kwenye somo la hesabu lenye jina la kuvutia, nikalitafuta kwenye orodha juu mpaka chini, halimo. Nikaenda na karatasi yangu kwa mshauri wa shule, akahamishwa wiki ileile. Sikugombana na mtu, karatasi ilijisemea yenyewe.

Masomo 10 kati ya hayo 16 yakamilike kabla mwaka wa mwisho haujaanza, na saba kati ya hayo 10 yawe Kiingereza, hesabu au sayansi. Hapo alama zake zimefungwa, kurudia somo baadaye hakutamwokoa. Mtoto aliyeanza sekondari nyumbani Afrika atadaiwa matokeo ya huko, kwa hiyo mtume shangazi au mjomba akayafuatilie mapema. Waliokuja na karatasi za Kifaransa kutoka Kongo waulize NCAA mapema kama watahitaji tafsiri iliyothibitishwa.

Makocha wa vyuo wakianza kupiga simu, wakaribishe chai, kisha uliza ratiba. Usiulize ya Jumamosi, siku ya mechi, ambayo kila mtu anaiona. Uliza Jumanne: anaamka saa ngapi, anaingia darasani saa ngapi, anatazama video za wapinzani saa ngapi. Sheria inaweka kikomo cha saa 20 za michezo kwa wiki wakati wa msimu, lakini mambo mengi huitwa ya hiari, na kwotabeki ndiye wa mwisho kuthubutu kuyakataa. Uliza pia ni nani kwenye timu anasoma uhandisi au uuguzi. Wakitazamana, umeshajibiwa.

Maana inawezekana. Joshua Dobbs alisoma uhandisi wa anga Chuo Kikuu cha Tennessee huku akiwa kwotabeki wao. Oktoba 2016 alirusha mpira mrefu muda ukiwa unaisha, wakaifunga timu ya Chuo Kikuu cha Georgia 34 kwa 31. Mwaka uliofuata alimaliza shahada, akachukuliwa na timu ya kulipwa ya Pittsburgh Steelers.

Ukitaka kuona darasa linavyofungua mlango wa uwanjani, mtazame kwotabeki Joe Burrow. Kwenye timu ya Chuo Kikuu cha Ohio State alikosa nafasi ya kuanza, lakini shahada aliimaliza kwa miaka mitatu. Kwa sheria za wakati ule, aliyehama bila shahada alikaa mwaka mzima bila kucheza. Burrow alikuwa nayo, akahamia LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, mwaka 2018 na kucheza mara moja. Msimu wa 2019 pasi zake zilizaa tachidauni 60, yaani mara 60 mpira kufikishwa mwisho wa uwanja wa wapinzani, akatwaa Heisman, tuzo ya mchezaji bora wa vyuo, timu ikashinda mechi zote 15. Sheria ya uhamisho imelegezwa tangu hapo, lakini mwenye alama mbovu bado anakwama.

Akishaingia chuo, daftari lako lisifungwe. Anatakiwa awe amemaliza asilimia 40 ya shahada mwisho wa mwaka wa pili, 60 wa tatu, 80 wa nne. Akibadilisha fani, au akihama chuo na krediti zake, yaani hesabu ya masomo aliyokwisha kufaulu, zisipokelewe zote, asilimia hiyo inashuka bila yeye kufeli somo lolote. Kwa hiyo kabla hajahama, chuo kipya kimwandikie krediti ngapi kitazipokea.

Na pesa: tangu Julai 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kulipwa majina na sura zao zikitumiwa, kama kwenye matangazo. Mwenye viza ya mwanafunzi asitie saini chochote kabla hajaonana na mwanasheria wa uhamiaji. Mwenye karatasi zake kamili naye aulize kodi. Na kwenye ofa ya ufadhili, uliza itakuwaje akiumia bega, na jibu walete kwa maandishi.